Picha Pekee ya Mwenzangu

Juzi nilikwenda Buzebazeba kuhani msiba wa mwenzangu wa utotoni. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, nikaona karatasi ya mfuko wa saruji yenye uso wake akiwa msichana: kidevu cha mbuzi, masikio ya sungura. Nilimchora mimi, ndugu yangu, na nilimchora vibaya kwa makusudi.

Enzi za Ujamaa, mtaani kwetu Ujiji, bibi zetu walikuwa wakijifunza kusoma kila alasiri wakishaanua dagaa. Mwalimu wao alitupa kazi sisi wawili, wasichana wa darasa la sita: mwenzangu achore kwa mkaa, mimi niandike neno chini yake. Tulikuja tukinuka mawese, maana tulitoka kuponda chikichi. Niliandika SAMAKI kwa herufi zilizonyooka kuliko za mwalimu. Yeye akachora mgebuka, yule samaki wa ziwani kwetu, na darasa zima likasoma kwa sauti, "Mgebuka!" Bibi yangu mwenyewe akapiga vigelegele. Herufi zangu hakuna aliyezitazama. Niliumia, sikufichi.

Siku moja mwalimu akataka tuchorane, abandike picha zetu mlangoni. Mwenzangu alinichora mzuri kuliko nilivyojiona kwenye kioo cha mama. Watu wakasema, "Binti huyu ana mkono!" Hakuna aliyesema mimi ni mzuri. Bibi alizoea kutuambia wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishakonda siku nyingi. Picha ile nikaiwashia moto jikoni, nikadai imelowa mvua. Yeye nikamchora hivyo nilivyokwambia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwe! Ndiyo mimi huyu?" Akaomba aichukue.

Michoro yake mwenyewe ililiwa na mchwa, na banda la darasa lilishabomolewa. Juzi pale msibani, nilipokuwa bado nimesimama mbele ya ile fremu, binti yake akanisogelea.

"Shikamoo, mama mkubwa. Hiyo ndiyo picha pekee ya mama akiwa msichana. Alituambia alichorwa na rafiki aliyempenda. Kweli alikuwa hivi?"

"Hapana, mwanangu. Mama yako alikuwa mzuri."

"Mzuri vipi?"

Nikafumba macho nimtafute. Niliona vidole vyeusi kwa mkaa, kiganja, ule mkono uliokuwa ukininyima usingizi. Uso sikuuona. Miaka yote ile sikuwahi kuutazama.