Notisi ya Tarehe Kumi na Tisa

Isdori aliendesha magari ya ushirika kwa miaka kumi na mitatu, na ushirika ulipofilisika akauzwa pamoja na gari. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe kwa utani. Gari lenyewe lilikuwa Lendikruza pikapu, TZJ 3481, na lilinunuliwa na kampuni binafsi ya mahindi, mojawapo ya zile zilizochipuka Sumbawanga serikali iliporuhusu kila mwenye uwezo anunue mazao. Mwenye kampuni aliishi Dar es Salaam. Hapa mjini alimweka meneja, kijana mwenye shati safi siku zote, jina lake Edwin. Kwa kuwa Isdori ndiye aliyejua magonjwa yote ya lile gari, naye alichukuliwa.

Alikuwa mtu wa mwendo wa pole. Madereva wenzake walimcheka kwamba anaendesha kama aliyebeba sakramenti. Hakuwahi kuandikiwa kosa hata moja, na jambo hilo alijivunia zaidi ya alivyoonyesha.

Kwa hiyo asubuhi moja ya Septemba mwaka 1997, Kristiana, karani wa ofisi, alipomwita kutoka uani, hakuwa na wasiwasi wowote.

"Shikamoo, Baba Herieth. Kuna barua yako huku. Yaani si yako, ni ya gari."

"Marahaba. Gari nalo limeanza kuandikiwa barua?"

Kristiana hakucheka. Bahasha ilikuwa imechafuka, imepigwa mihuri miwili ya posta. Ilitumwa kwa sanduku la ule ushirika wa zamani, maana kwenye kumbukumbu za serikali gari lilikuwa bado la ushirika, ikalala humo miezi hadi mtu alipoona aibu akaituma upya kwa kampuni. Ndani mlikuwa na notisi ya trafiki. Gari TZJ 3481 lilipimwa likikimbia kilomita mia moja na kumi na nane kwa saa, karibu na Makambako, mahali ambapo mwisho ni hamsini. Dereva aliashiriwa asimame, hakusimama. Chini, kwa kalamu ya bluu, meneja alikuwa ameshajaza nafasi ya jina la dereva: Isdori.

"Makambako?" Isdori alisema. "Mimi Makambako nilifika mara ya mwisho enzi za ushirika."

Akaisoma tena, ndipo akaiona tarehe. Kumi na tisa Februari, saa kumi na dakika arobaini alasiri. Kristiana alimwona akikaa kwenye benchi bila kulitazama. Alimuuliza kama anaumwa.

Tarehe kumi na tisa Februari ndiyo siku aliyomzika mtoto wake wa nne.

Mkewe Coleta alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake, kijiji kilicho njia ya Namanyere, mwendo wa saa moja kwa gari. Jioni ya tarehe kumi na nane, muuza maharage alimletea Isdori ujumbe: uchungu umemshika tangu jana, mtoto amelala vibaya, mganga wa zahanati anasema afikishwe hospitali ya mkoa haraka. Isdori alikimbia kwa miguu mpaka nyumbani kwa Edwin. Edwin alitoka mlangoni akiwa na kitambaa cha kufutia mikono. Alisikitika sana. Alisema, "Pole sana, kaka. Lakini gari liko kwa fundi, injini imeshushwa chini. Hata mimi nimekwama."

Isdori hakuwa na sababu ya kutomwamini. Aliazima baiskeli akaenda. Kulipokucha wanakijiji walimlaza Coleta kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mvua ikinyesha, magurudumu yakizama kwenye tope hata wanaume wakalazimika kuyainua kwa mabega. Walifika hospitali saa sita mchana. Madaktari walimwokoa Coleta. Mtoto, wa kiume, alitoka akiwa ameshakufa, na alasiri hiyohiyo Isdori na shemeji zake walimzika.

Na alasiri hiyohiyo, kumbe, gari lilikuwa Makambako.

Alisimama akaenda getini. Mlinzi, mzee Shigela, Msukuma aliyehamia Rukwa na ng'ombe wake kisha akazeekea kwenye kazi ya ulinzi, aliandika kila gari lililotoka na kuingia.

"Shikamoo mzee. Naomba daftari la Februari."

Shigela alilitafuta chini ya kitanda chake cha kamba. Walilifungua pamoja. Tarehe kumi na tisa, saa kumi na moja alfajiri: TZJ 3481, limetoka, dereva Bwana Meneja mwenyewe. Tarehe ishirini na mbili, jioni: limerudi.

"Halikwenda kwa fundi?" Isdori aliuliza.

"Fundi gani? Lilikuwa zima. Lililala hapahapa uani, nikaliosha mwenyewe." Mzee alimtazama usoni, akaanza kuelewa, mkono ukamwenda mdomoni. "Mwanangu. Mimi nilidhani uliliomba ukanyimwa. Sikujua hukuambiwa ukweli."

Isdori aliingia kwa meneja bila kubisha hodi, akaiweka notisi mezani. Edwin alikuwa akizungumza kwenye simu, akaikata.

"Ah, umeiona ile notisi? Usijali. Wewe weka sahihi tu, kampuni italipa. Ni jambo dogo."

"Bosi, siku hiyo uliniambia injini iko chini."

Edwin alichukua kalamu, akairudisha mezani. Isdori alisubiri amwambie kwamba kuna kosa, kwamba pengine ni gari jingine lenye namba kama ile. Hata wakati ule, alivyosimulia baadaye, alitamani kuambiwa hivyo.

"Mdogo wangu alikuwa na sendofu Iringa, anaagwa kwenda kuolewa," Edwin alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa familia. Nilikuwa nimechelewa."

"Ungeniambia tu unalihitaji."

"Ningekuambia gari lipo, ningekunyimaje?"

Isdori alilisikia neno hilo, lakini lilichukua muda kumfika. Hakupiga mtu, wala hakutukana. Aliichukua notisi mezani akatoka.

Nyumbani, mtaa wa Mazwi, alimkuta Coleta akipepeta ulezi. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alimpa karatasi. Coleta alisoma taratibu, akafika kwenye tarehe, ungo ukamtoka mikononi, ulezi ukamwagika wote.

"Gari lilikuwepo," alisema.

"Lilikuwepo, Mama Herieth."

"Lilikuwepo hapa mjini. Jioni ile."

Aliyarudia maneno hayo mara nyingi, hakulia. Kisha akauliza, "Na hapa kwenye jina, mbona wameandika wewe?"

"Meneja anataka nikubali kwamba ni mimi."

Coleta aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kadi yake ya kliniki. Kwenye kadi ile nesi alikuwa ameandika tarehe, saa, na maneno mawili kuhusu mtoto. Isdori hakujua kama mkewe aliitunza.

"Ipeleke kwa trafiki," alisema. "Wajue wewe ulikuwa wapi."

Kwenye ofisi ya trafiki mkoani walimwambia kwanza kwamba muda wa kupinga umekwisha, siku zake zilikuwa zimehesabiwa tangu Machi. Isdori aliwaonyesha muhuri wa pili wa posta: barua ilikuwa imefika juzi. Koplo alikubali hilo, akauliza ushahidi. Mzee Shigela alikuja mwenyewe na daftari kifuani, ingawa Edwin alimtishia kumfukuza kazi. Isdori akaweka kadi mezani. Koplo aliisoma, akavua kofia, akaiweka kando. Aliuliza swali moja tu: "Na huyu meneja alijua?"

"Alijua."

Majibu yalirudi Novemba. Jina la Isdori lilifutwa, notisi ikaandikwa upya kwa jina la Edwin, pamoja na kosa la kutosimama na la kutoa taarifa ya uongo. Nakala ilifika Dar es Salaam. Mwenye kampuni alipiga simu, akamwondoa meneja, akamwomba Isdori abaki kwa mshahara bora.

Isdori alijaribu. Alikaa siku tatu nyuma ya usukani wa ile Lendikruza. Siku ya nne alimkabidhi Kristiana funguo, akaenda kuendesha lori la mfanyabiashara wa dagaa aitwaye Yonas, kati ya Kabwe, ziwani, na Sumbawanga.

Kabla Edwin hajahama mji alikwenda Mazwi. Coleta alimpa kiti. Edwin alieleza kwa muda mrefu, akalia, akaomba msamaha. Coleta ndiye aliyemjibu.

"Mtoto tulikuwa tumwite Polikarp," alimwambia. "Jina la babu yake. Nilitaka nawe ulijue."

Kisha akamsindikiza mpaka barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote.