Kiti cha Fundi Nikolao

Siku ya kwanza Swalehe alipofika kwa Fundi Nikolao, alifika na bei yake tayari mdomoni, na bei ile ilikuwa ya kumnyonya. Hakuona aibu. Alianza kwa kuuza chumvi kwa kibaba hadi kumiliki pikapu, kuukuu lakini yake, na safari yote hiyo hakuna aliyempunguzia kitu kwa kumwonea huruma.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

Nikolao hakuinua kichwa. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha, amekalia mpira mbovu wa gari. Sahani moja, kikombe kimoja. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma, alikojifunzia ufundi, zaidi ya miaka kumi iliyopita, na tangu hapo hakuna mtu wa Newala aliyekiona kikombe cha pili kwake.

"Nataka kupeleka chumvi Tunduru, nirudi na mchele kabla mvua hazijafunga njia," Swalehe alisema. "Gari linavuja rejeta, linakohoa, na springi moja imepasuka. Nitakupa..."

"Sitaki pesa. Nataka kiti."

Tunduru ndiko alikokuwa Paulina, binti wa pekee wa Nikolao. Mama yake alimpeleka kwa wajomba wakati Nikolao yuko vitani, naye aliporudi hakuwafuata. Sasa akatoa barua mfukoni, akaisoma polepole, kila neno kwa zamu yake: "Baba, mwanangu atabatizwa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Wakwe zangu wanasema sina baba. Njoo wakuone."

Swalehe alipiga hesabu upesi. Kiti cha abiria hakili, hakinywi. Akampa mkono mzee asije akageuza mawazo, akaondoka akijiona mjanja.

Kazi ilichukua siku tisa. Nikolao alisugua plagi, akatia mipira viraka, akaifunga springi kwa chuma na waya. Rejeta aliiziba kwa sabuni na utomvu wa mkorosho. Kila alipoijaribu, maji yalikwisha, na maji Newala hupanda vichwani mwa wanawake kutoka bondeni. Muuzaji alikuwa Stamili, mwanamke mwenye ulimi.

"Gari gani hili, Bwana Swalehe? Linakunywa kushinda watu wa harusi!"

"Si nakulipa, mama?"

"Nalipwa mimi. Shingo hailipwi."

Nikolao akacheka, na Swalehe akashangaa, maana hakuwahi kumsikia akicheka. Siku ya nane alimkuta amenyoa ndevu. Koti lake la jeshi, lililofuliwa na kupigwa pasi, lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa gari.

Alhamisi walipakia chumvi, wakaenda Kitangari na kurudi kulijaribu gari. Swalehe akapiga makofi. Nikolao akaingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka na kidole kilicholowa.

"Kiraka kitashika mpaka Masasi. Mbele ya hapo ni pori, na visima vimekauka. Chukua madebe manne ya maji."

"Nyuma kumejaa, Fundi."

"Nyuma usiongeze hata kuku. Springi haitaki."

"Basi yakae wapi?"

Nikolao angeweza tangu mwanzo kukinyamazia kiraka. Swalehe asingejua lolote mpaka pori lingemfundisha. Nikolao alilitazama koti lake, kisha kiti.

"Hapo," alisema.

"Na wewe?"

"Fundi bila maji ni abiria tu. Au shusha magunia mawili."

Swalehe aliyatazama magunia. Yale mawili ndiyo yaliyokuwa faida ya safari nzima. Mengine yalirudisha gharama.

"Mwakani, Fundi. Nitakupeleka mwenyewe."

"Mwakani mtoto atakuwa amekwisha batizwa," alisema Nikolao, akalitoa koti mlangoni.

Asubuhi yake alileta shuka jeupe la mtoto, akalipachika katikati ya madebe. Hakutoa salamu za kupeleka.

Kiraka kilifunguka maili chache baada ya Masasi, kama alivyosema. Madebe yote manne yalikwisha, la mwisho Swalehe akiwa anauona mji. Jumapili alisimamisha gari mbele ya kanisa. Mwanamke aliyebeba mtoto, aliyekuwa akimngoja baba yake tangu asubuhi, alitoka mbio, wakwe wakimfuata nyuma, akaufungua mlango wa abiria kwa mkono wake. Debe tupu likamwangukia miguuni.

"Baba yuko wapi?"

"Hakupata nafasi."

"Gari amelitengeneza nani?"

"Yeye."

"Na nafasi akakosa?"

Nyuma yake mama mkwe alisema, wala si kwa kunong'ona, "Si tulisema?"

Paulina alilichukua shuka, akaufunga mlango taratibu.

Swalehe aliuza chumvi yote, akarudi na mchele. Pishi mbili alimpelekea Nikolao, naye akazipokea. Novemba gari lilipogoma kabisa, Swalehe alirudi kwake, akamkuta akiupika mchele ule. Sahani moja, kikombe kimoja.

"Shikamoo, Fundi. Safari hii taja wewe bei. Yoyote."

"Marahaba. Sina bei."

"Hata kiti?"

"Kiti cha kwenda wapi?" aliuliza Nikolao, akageuza mwiko. Barua nyingine kutoka Tunduru haikuja.

Faida ya magunia mawili Swalehe aliila hadi Krismasi. Pikapu haikutembea tena. Ilibaki uani kwake, na kabla mvua hazijaisha kuku walikuwa wanataga kwenye kile kiti.