Mashine Msabato, Kahawa Mkatoliki

Kabla sijapanda milimani niliishi Mbamba Bay na wavuvi wa Kianglikana ambao Jumapili hawagusi maji. Jumamosi jioni wanatega nyavu, wanarudi nyumbani, Jumapili wanaimba kanisani mpaka sauti zinakauka, Jumatatu alfajiri wanakwenda kuzivuta zikiwa zimejaa. Nilimuuliza mzee mmoja kama nyavu zenyewe hazivunji Sabato. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Sisi tumelala," akasema. "Anayetembea Jumapili ni samaki. Kamuulize yeye."

Baadaye nilikuwa utingo wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka. Huko Jumapili ilikuwa na alama moja tu: dereva wangu alizima muziki wa dansi akaweka kwaya, kisha tukaendelea na safari kama kawaida. Mimi niliacha shule darasa la sita na sijawahi kukaa mahali hadi nikazoeleka kanisani, kwa hiyo jambo hili la siku ya Bwana nilikuwa nalitazama kwa mbali, kama mtu anayetazama mpira wa timu asizozijua. Nilitaka tu kujua sheria zake.

Nilifika Maguu, huko milimani, msimu wa kuchuma kahawa, nimevaa koti lenye vumbi la makaa ambalo halikukubali kufuliwa. Nikaelekezwa nyumba moja kando ya njia ya kwenda kisimani, kwamba wanatafuta kibarua na hawampati. Mwenye nyumba alikuwa Mmatengo wa makamo, amekaa juu ya gunia tupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kazi ipo. Unasali siku gani?"

Nilidhani ananipima imani, na mtu mwenye njaa hujibu kwa uangalifu. "Siku yoyote, mzee."

"Yoyote?" Sauti ilitoka jikoni, mkewe akaifuata akiwa na mwiko mkononi. "Hata Jumamosi?"

"Naweza kusali, mama, naweza nisisali."

"Na Jumapili?" mume akauliza.

"Vilevile."

Wakatazamana.

"Huyu ametumwa," mume akasema.

"Na nani?"

"Sijui. Lakini ametumwa."

Nililala kwao siku hiyohiyo, katika kibanda cha kuhifadhia zana, na kabla ya wiki kwisha nikaelewa nimeingia wapi. Mume alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa. Mke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mara, Msabato. Alipangiwa kufundisha huko milimani, akalalamikia baridi, akaolewa. Shamba la kahawa lilikuwa la mume, amerithi kwa baba yake. Mashine ya kumenyea kahawa pamoja na tangi la saruji lililo chini yake vilikuwa vya mke, amevinunua kwa jasho la chaki. Kwa hiyo, kwa mujibu wa nyumba ile, mashine ilikuwa Msabato na kahawa ilikuwa Mkatoliki.

Hili si la kucheka kama una kahawa. Kahawa mbivu ikichumwa humenywa siku hiyohiyo, halafu hulala ndani ya tangi kama siku mbili kwa baridi ya kule, mpaka ule utelezi ulegee, ndipo huoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Ikipitiliza humo inachacha. Sasa kahawa ya Alhamisi ilipaswa kuoshwa Jumamosi, lakini Jumamosi tangi linapumzika. Jumapili tangi liko huru, lakini kahawa inapumzika. Jumatatu wote wako huru, na kahawa imeshaharibika. Waliwahi kujaribu kutochuma Alhamisi na Ijumaa. Matunda yakakauka mitini na mengine yakaanguka, maana mti wa kahawa nao hauna dini.

Kwa hali hiyo chama cha msingi, ule ushirika unaonunua kahawa, kilikuwa kimewarudishia kahawa yao mwaka juzi, na mwaka jana tena. Mume alisema iliharibiwa na Jumamosi. Mke alisema iliharibiwa na Jumapili. Mwishowe mwalimu alitamka neno, na alilirudia mbele yangu akimenya viazi, bila hasira, jambo lililonitisha zaidi:

"Ikirudishwa mara ya tatu naomba uhamisho. Nitarudi kwetu. Wewe ubaki na miti ya baba yako mkahubiriane."

Mume alicheka. Lakini nilimwona baadaye shambani akichagua matunda mekundu moja moja kama mtu anayechagua maneno ya kuomba msamaha.

Niliwauliza kwa nini wasisaidiane: Jumamosi aoshe mume, Jumapili aoshe mke. Walishafikiria.

"Tumefungwa ndoa," mume akasema, "tumekuwa mwili mmoja. Akiosha yeye Jumapili, mkono ulioosha ni wangu."

"Na mimi Jumamosi hivyohivyo," mke akasema. Hilo ndilo jambo pekee la dini nililowasikia wakikubaliana.

Ndiyo maana walinihitaji mimi, nisiye mwili wa mtu yeyote. Jumamosi ya kwanza nilikunja suruali nikaingia tangini. Sikuwa hata nimelowa vizuri, mwalimu akaja na Biblia mkononi.

"Toka humo," akasema. "Amri haisemi mimi tu. Imemtaja mtumishi, imemtaja mnyama, imemtaja na mgeni aliye ndani ya malango. Wewe ni mgeni, na umo ndani ya malango yangu."

Mume alikuwa amesimama pembeni na ndoo. Akatazama lango.

Lango lenyewe lilikuwa magogo mawili ya mkaratusi na mti mmoja umelazwa juu. Waliliweka siku ya harusi yao ili lipambwe maua, halafu hakuna aliyeliondoa. Ua haukuwapo. Kuku, mbuzi na majirani walipita popote walipotaka. Ni wageni rasmi tu waliopita langoni.

"Kwa hiyo," mume akasema polepole, "tatizo ni kwamba yuko ndani."

"Ndiyo."

"Akiwa nje?"

Mwalimu alifungua ile Biblia, akasoma kwa kidole, akaifunga. "Akiwa nje sijaona mahali alipotajwa."

Jumamosi ile hakuna kilichofanyika, maana kung'oa lango nako ni kazi. Lakini kuanzia wiki iliyofuata nililihamisha kila Ijumaa kabla jua halijazama. Nilichimba mashimo mapya kati ya nyumba na mashine, nikalisimamisha. Nyumba ikawa ndani. Mashine, tangi, kibanda changu na mimi tukawa nje. Jumamosi jua likishazama mume alilihamisha tena kwa ajili ya siku yake. Yeye alikuwa na shida kubwa zaidi, kwa sababu kahawa yake iliizunguka nyumba pande zote, nyingine ikianza hatua chache tu kutoka ukutani. Ili kahawa yote iwe nje, lango lilisimama kwenye kizingiti cha mlango. Mtu akitoka chumbani alipita mlango, akapita lango, akajikuta shambani.

Katekista alikuja siku moja ya Jumapili baada ya ibada kuwasalimu. Alilikuta lango limebanana na mlango. Ni mtu wa adabu. Akasimama mbele yake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, pita!" mume akajibu kutoka ndani.

Katekista aliinama chini ya ule mti, akapiga kichwa kwenye mlango, akaingia. Alikunywa uji wake wote. Wakati wa kutoka akanikuta naosha kahawa, akaninong'oneza: "Kijana, mwenzangu huyu ana nini? Mbona lango linamfuata?"

"Ni mambo ya Sabato, katekista."

"Ya nani?"

"Ya wote wawili."

Akatikisa kichwa akaenda zake, akitazama nyuma kila mara.

Kazi ilikwenda vizuri. Kahawa ilitoka tangini ikiwa safi, ikinukia kama majani mabichi. Shida ilikuwa chakula. Jumamosi mwalimu hakupika. Ugali ulikuwa wa Ijumaa. Aliniletea sahani mpaka langoni, akaninyooshea mkono chini ya ule mti, nami nikapokea nikiwa upande wangu. Nikiingia kula, nakuwa mgeni aliye ndani, na kazi inakoma. Kwa hiyo nilikula nimesimama nje huku wao wanakula wamekaa ndani, umbali ambao tungeweza kupeana chumvi.

Kilichobadilisha mambo ni manyunyu. Jumamosi moja ya mavuno makubwa, tangi limejaa mpaka ukingoni, manyunyu yalianza asubuhi na baridi ile ya kwao inayoingia kwenye meno. Nilikuwa na homa toka juzi yake lakini sikusema. Mwalimu alileta sahani. Niliipokea, nikaiweka juu ya mashine ili nijikaze kwanza. Yeye hakuondoka. Alisimama upande wake anaitazama ile sahani inavyojaa maji ya mvua.

"Ugali unaelea," akasema.

"Nitakula tu, mama."

"Ugali unaelea," akarudia, lakini si kwangu.

Akashika gogo la kwanza la lango akaling'oa. Mume alitoka mbio, kandambili mguu mmoja.

"Mwalimu! Leo Jumamosi! Hiyo ni kazi!"

"Ni kazi."

"Utajibu nini?"

"Nitajibu kwamba mtu alikuwa ananyeshewa."

"Na kahawa? Akiingia huyu nani ataosha? Hii yote itachacha! Na wewe ulisema ikirudishwa—"

"Najua nilichosema."

Alilikokota lango lile, gogo baada ya gogo, akapita mashine, akapita tangi, akapita kibanda changu, akalitupa kule chini kwenye ngolo za jirani, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, ambako maharage yalikuwa yamekwisha kung'olewa. Halafu akarudi, matope mpaka magotini, akanishika mkono wa koti.

"Sasa uko ndani. Pumzika. Ni amri."

Nilipelekwa jikoni nikakalishwa kwenye moto ambao, nilivyogundua, mwalimu aliuwasha mwenyewe, Sabato ileile. Mume alikaa karibu na mlango anatazama tangi. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi. Tulijua wote watatu kilichokuwa kinaendelea mle ndani ya tangi, na kwamba kilikuwa kinakwenda na ndoa yake.

Jumapili ningeweza kuiokoa. Homa ilikuwa imepungua, lango lingerudishwa kizingitini, mimi nikatoka nje. Niliamka nikakunja suruali. Mume, ameshavaa shati la kanisani, akanizuia.

"Unakwenda wapi?"

"Tangini, mzee. Bado kidogo tunaweza—"

"Jumamosi yake imekuingiza ndani, halafu Jumapili yangu ikuweke nje? Watu watasema Wakatoliki hawana huruma." Alifunga kifungo cha juu mpaka shingo ikamkaza. "Kaa hapo. Pumzika na wewe, shetani mkubwa."

Jumatatu tuliiosha. Mume alinusa kiganja chake, akakifuta kwenye suruali. Tulianika yote pamoja na ile ya nyuma, maana vichanja havikutosha kutenga, na ilipokauka tukaipeleka chama cha msingi. Mpokeaji alichota konzi, akanusa, akarudi nyuma.

"Mzee, hii ni kahawa au umeniletea pombe?"

Ikarudishwa.

Tulifika, tukashusha magunia. Nilianza kukusanya vitu vyangu, kwa sababu sikutaka kuwapo wakati wa maneno yale. Mume hakungoja.

"Haya," akasema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Barua yako ya uhamisho. Ulisema."

Mwalimu alikaa juu ya gunia, akavua viatu. "Mwaka jana nilisema Jumapili yako ndiyo iliyoharibu, nikawa na pa kukasirikia. Safari hii lango nimeling'oa mimi kwa mikono yangu. Nikihama nitakuwa namkimbia nani?"

"Kwa hiyo huandiki?"

"Naandikaje? 'Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba kuhamishwa mbali na mimi mwenyewe'?"

Mume alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu akamwambia aache upumbavu, naye akacheka. Mimi nilibaki nimeshika begi langu sijui kama ninaondoka au naingia.

Jioni ile mume akasema jambo ambalo naamini alikuwa amelimeza kwa miaka. Kahawa mbivu unaweza pia kuianika ilivyo, na ganda lake, bila mashine, bila tangi, bila kuosha. Inaitwa buni. Bei yake ni ndogo na heshima yake ni ndogo zaidi. Kule Maguu mtu akianika buni watu husema ameshindwa na shamba, au mkewe mvivu.

"Ya Alhamisi na Ijumaa tuianike buni," akasema. "Jumamosi na Jumapili ilale tu juani, hakuna wa kuigusa."

"Watatuita wavivu," mke akasema.

"Siku mbili."

"Mwalimu mzima, naanika buni."

"Siku mbili tu, mama."

Alifikiri. "Na huyu?"

Wakanitazama. Mimi nilikuwa nimezoea kazi siku zote saba. Kupumzika Jumamosi nzima, halafu Jumapili nzima, kulikuwa kunanitoa jasho. Nilisema nitajaribu.

Jumamosi iliyofuata tulikaa watatu kwenye mkeka mbele ya nyumba, tunatazama matunda mekundu yamelala kwenye vichanja hayafanyi chochote. Mimi nilihesabu kuku. Nilimaliza kuku nikaanza mbuzi. Jirani mmoja, mama wa makamo, akapita na mzigo wa kuni kichwani, akasimama, akatutazama sisi, akatazama vichanja.

"Jamani, nyie wazima?"

"Wazima," mwalimu akajibu. "Tunapumzika."

"Wote?"

"Wote."

Akageuza shingo polepole chini ya zile kuni. "Mpaka kahawa?"

"Mpaka kahawa," mume akasema, akajinyoosha vizuri kwenye mkeka. "Pita, mama, usituchoshe."