Nailoni ya Miaka Mitatu

Watu walimwita Mama Miche, kwa kuwa miche ndiyo iliyomlisha: nyanya, kabichi, pilipili hoho, vitunguu. Aliikuza uani, ndani ya kitalu nyumba, banda refu la mabomba lililofunikwa nailoni nyeupe. Mji wao uko juu mlimani, na baridi ya huko haina utani. Umande huganda kwenye majani kabla jua halijachomoza.

Mumewe alirudi mwanzoni mwa baridi hiyo. Alikuwa amekwenda ng'ambo kutafuta kazi wakati binti yao wa pekee hajaota meno ya mbele; akarudi binti huyo yuko chuoni mji mwingine, anasomea uuguzi. Mwanzoni alikuwa akipiga simu, kisha simu zikawa haba, kisha kimya. Alibisha hodi saa ya kumwagilia, begi moja mkononi. Mama Miche alimtazama, akafunga bomba, akamwambia karibu, akaenda kubandika chai. Majirani walikaa mkao wa kula, wakingoja ama vigelegele ama vyombo kuvunjwa. Wakarudi kwao na njaa yao.

Si kwamba alijikaza. Aliitafuta hasira moyoni kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, asiipate. Akatafuta furaha, nayo hakuiona. Wifi yake alikuja kumwombea kaka yake msamaha, akasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na yaliyopita si ndwele. Mama Miche alimjibu kuwa hakuna aliyemkataza mtu kukaa. Wifi akaridhika. Mumewe akatandikiwa chumba cha binti.

Kisha ikanyesha mvua ya mawe. Nailoni, iliyokuwa imekwisha kuliwa na jua, ikachanika paa zima, na baridi ya alfajiri ikaingia bila hodi. Miche ya nyanya iliyokuwa karibu kuuzwa ikalala, nyeusi na laini kama mboga iliyochemshwa. Mama Miche aliimwaga kwenye shimo la mbolea, akaosha trei, akaosha mikono.

Mumewe alisema huko alikokuwa alifanya kazi kwenye vitalu nyumba vikubwa kama viwanja vya mpira, na kama kuna jambo analolijua, ni kuviezeka. Wakaenda dukani pamoja.

Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi, akawapitisha kwa kila alichonacho. Kioo kinapendeza, alisema, lakini usiku hakishiki joto, na mabomba yao yasingeweza uzito wake. Nailoni moja peke yake, kwa baridi ya kwao, ni sawa na kulala na shuka nyepesi. Kulikuwa na nailoni ya kufungwa tabaka mbili, kifeni kidogo kikipuliza hewa katikati, na hewa hiyo iliyonaswa ndiyo inayozuia joto lisitoroke. Mwisho akatoa paneli za plastiki ngumu, zenye kuta mbili na vijia ndani, akazigonga kwa kifundo cha kidole.

Mumewe alizipokea, akazigeuzageuza, akaonyesha upande wa kuelekezwa juani. Tangu arudi, uso wake haukuwahi kuchangamka hivyo.

"Tuchukue hizi," alimwambia mkewe. "Zinashika joto kuliko zote. Ukizifunga leo, miaka kumi huzigusi."

"Na nailoni ya tabaka mbili?"

"Inafaa, lakini miaka mitatu tu, jua limeshaimaliza. Itabidi ufunge upya."

"Nipe hiyo," Mama Miche akamwambia muuzaji.

Mumewe aliiweka paneli chini taratibu. Akauliza kama tatizo ni bei. Mkewe akasema hapana. Akauliza kama tatizo ni yeye. Muuzaji akakumbuka kuwa ana kitu cha kutafuta nyuma ya duka.

"Miaka kumi siioni," alisema Mama Miche. "Nikiangalia huko, sioni kitu. Mitatu naiona kidogo."

Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema kama mtu anayetaja saizi ya kiatu. Mumewe akaitikia kwa kichwa. Muuzaji aliporudi, akamuuliza kama duka lina utepe wa kuziba maungio, maana upepo hupenya hapo.

Walifanya kazi asubuhi isiyo na upepo. Kuezeka alijua, hilo hakuna wa kumnyima. Walivuta tabaka la kwanza, wakalibana, wakalaza la pili juu yake. Kifeni kikawashwa, na paa likavimba polepole kama shavu. Kulipokucha siku ya pili, nyasi za nje zilikuwa nyeupe kwa baridi, na ndani miche iliyosalia imesimama wima. Mumewe alimtazama, akingoja neno. Mama Miche akamwambia ahsante, na hakuwa anadanganya. Kifuani lakini kulikuwa kimya vilevile, kama shule wakati wa likizo. Binti alipopiga simu na kumuuliza anajisikiaje, alifikiri vizuri, kisha akajibu kuwa kitaluni kuna joto.

Baadaye alikuja mteja mpya, mkulima wa kabichi, akamkuta mumewe akimwagilia. Akamuuliza kama ndiye mwenye kitalu. Mumewe aliinua kichwa akamtazama mkewe, huku maji yakimwagikia viatu vyake.

"Huyu ni baba wa binti yangu," alisema Mama Miche. "Ndiye aliyeniezekea."

Kisha akamuuliza mteja anataka kabichi za kufunga vichwa mapema au za kuchelewa, na mumewe akainamia trei iliyofuata.