Mbwa wa Odell na Mwenyekiti wa Jengo

Loretta Wojtas alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jengo letu hapa mjini Yonkers, kazi isiyolipwa hata senti. Jengo ni la ushirika: sisi wenye nyumba ndio wanahisa, na tunachagua watu watano watuamulie mambo ya paa, ya boila la maji moto, na ya nani apake mlango wake rangi gani. Kabla ya kustaafu, Loretta alikuwa akipanga safari za mabasi ya shule. Alishazoea kupigiwa kelele kwenye simu, basi tukaona anafaa.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Odell Prentiss, fundi wa kurekebisha sauti za piano, mgane. Walikuwa marafiki wa siku nyingi. Loretta akipika kabichi za kujazwa nyama alimpelekea sahani, na sahani ilirudi na pai ya viazi vitamu juu yake. Mke wa Odell, Vernice, alipougua, Loretta ndiye aliyekaa naye hospitali mpaka mwisho. Miezi kadhaa baada ya mazishi Odell akaleta mbwa.

Alikuwa mbwa mdogo, mzee, mwenye miguu mifupi, jina lake Waldo. Sasa jengo letu linakataza mbwa tangu lilipojengwa. Isitoshe, kwenye ghorofa yao anaishi Bi. Iacobucci, mwenye pumu, na yeye alitangaza wazi kwamba mbwa akibaki ataonana na kamati mahakamani.

Mimi nilikuwa nasubiri lifti siku Loretta alipomkuta Odell ukumbini akimfunga Waldo kamba.

“Odell, umeniweka pabaya.”

“Nina barua ya daktari, inasema namhitaji. Silali tangu Vernice aondoke. Huyu akiwa miguuni pangu, nalala.”

“Nani analala vizuri kwenye jengo hili? Wewe si mgonjwa, Odell, una huzuni tu. Mpeleke kwa dada yako, uwe unamtembelea Jumapili.”

“Hapo anasema jirani au mwenyekiti?”

“Usinihoji kama polisi, bwana. Nasema mimi.”

Alisema kwa upole, kama mtu anavyomsema kaka yake. Lakini Odell alimsimulia mpwa wake, na mpwa akamsaidia kupeleka malalamiko kwenye ofisi ya haki za binadamu, maana sheria humruhusu mgonjwa mnyama wa kumtuliza hata penye katazo. Pale maneno yalisomeka vingine: mwenyekiti alipuuza barua ya daktari na kudharau ugonjwa wa mlalamikaji. Kamati ilishtakiwa, na Loretta naye akashtakiwa kwa jina lake.

Kampuni ya bima ya jengo ikampa Loretta wakili, Bi. Kessler, mwanamke mwenye adabu na haraka nyingi.

“Kuanzia leo huzungumzi na Bwana Prentiss,” alimwambia.

“Mama, tunaishi ukuta kwa ukuta. Akikohoa namsikia.”

“Msalimie tu. Neno lingine lolote litarudi kwetu kama ushahidi.”

“Basi namruhusu mbwa, yaishe.”

“Ukimruhusu hivihivi, Bi. Iacobucci naye anatushtaki. Lazima tuwapatie wote wawili namna ya kuishi humu. Hiyo inachukua muda.”

“Basi najiuzulu.”

“Jiuzulu ukitaka. Jina lako kwenye kesi halitoki.”

Loretta akaamua kuuza nyumba aende kuishi na binti yake jimbo la Ohio. Alipata mnunuzi, mwalimu kijana aliyeipenda hata jiko lake la zamani. Benki ya mnunuzi ikauliza kama jengo lina kesi. Ikajibiwa ndiyo, na mkopo ukakataliwa. Binti alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mama yake.

Akaanza kutega sikio mlangoni kabla ya kutoka, ahakikishe ukumbi ni mtupu. Usiku alisikia kucha za Waldo zikitembea sakafuni upande wa pili. Siku moja Odell alimfuata kwenye chumba cha kufulia. Nilikuwapo, nakunja shuka zangu.

“Loretta, yale maneno aliyaandika mpwa wangu. Mimi nilitaka mbwa tu. Sikutaka kukushtaki wewe.”

Loretta alishika taulo lake kama mtu aliyesahau linavyokunjwa.

“Habari za asubuhi, Odell.”

“Ni saa kumi jioni.”

Loretta akaondoka, akaacha nguo zake zinazunguka kwenye mashine. Nilimpandishia nguo baadaye. Alifungua mlango macho yamevimba, akasema, “Najihisi kama nimefungwa, na kitasa kiko upande wa nje.”

Majira ya kuchipua pande zote zikakubaliana. Waldo abaki, ila abebwe mikononi kwenye lifti na ukumbini. Bi. Iacobucci awekewe mashine ya kusafisha hewa kwa gharama ya jengo. Kamati nzima ihudhurie darasa la sheria za makazi. Na mwisho, wahusika wasizungumzie tena jambo hili kati yao.

“Hata samahani nisimwambie?” Loretta aliuliza.

“Samahani ni kukiri kosa,” alisema Bi. Kessler. “Saini hapa.”

Akasaini.

Kwenye mkutano wa mwaka alisimama mbele yetu akasema anaachia kiti, nani anakitaka. Watu wakatazama viatu vyao. Bi. Iacobucci akakumbusha kwamba yeye ana pumu. Ndipo Odell, Waldo akiwa mapajani, akanyoosha mkono.

“Nampendekeza Loretta Wojtas. Mtu mpya yeyote itabidi naye apelekwe lile darasa la sheria.”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mikono ikapanda yote. Loretta alimtazama Odell muda mrefu, akitafuta kama ile ni heshima au kisasi. Odell alikuwa ameinama, anamkuna mbwa masikio. Kwa mapatano yale kumuuliza haruhusiwi, na mpaka leo hajamuuliza.

Akakaa, akavaa miwani, akasema tuendelee na suala la paa.