Mkwe Aliyeacha Njia

Mkojo wa pimbi ukikauka juu ya jiwe miaka na miaka hufanya utando mweusi unaong'aa kama lami, na jua la asubuhi likiupiga hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo duniani: nusu dawa, nusu zizi. Wageni huziba pua. Mimi, mtu mzima mwenye kitambi, miwani na shahada ya chuo kikuu, huvuta pumzi kwa nguvu kama mnusa ugoro, kisha inanibidi nitafute mahali pa kukaa. Watu wa nyumbani kwangu hudhani ni umri. Nawaacha wadhani hivyo, maana kueleza ni kazi. Harufu ile ni ya kilima kilichokuwa nyuma ya tembe letu, upande wa Mkonze, enzi za Wajerumani, nilipokuwa mtoto wa kutosha kuchunga mbuzi lakini si wa kutosha kuaminiwa na ng'ombe. Kilima chenyewe hakikuwa na jina la maana. Tulikiita Chitunda, yaani kilima, kama mtu anayemwita mbwa wake Mbwa. Kilikuwa rundo la mawe yaliyoegemeana, mengine makubwa kuliko nyumba, na katikati yake ilipanda njia moja tu, nyembamba, yenye changarawe zinazokimbia chini ya unyayo.

Msimu ninaousema baba alikuwa kwenye mnyororo. Askari walikuja kutafuta watu wa kubeba mizigo kwenda Kilimatinde, naye akajificha ndani ya kihenge cha mtama, na angesalimika kama asingepiga chafya. Walimtoa kichwa kikiwa cheupe kwa vumbi la nafaka, wakacheka mpaka bunduki zikawalegea mabegani, kisha wakamfunga kwa kosa la kujificha. Hata mama alicheka kidogo siku ile, kwa sababu tulidhani ni jambo la siku chache. Hazikuwa chache. Wafungwa waliunganishwa shingo kwa shingo, wakabeba mawe ya kujengea boma kutoka asubuhi mpaka jua linazama, na sisi watoto tuliwatazama kwa mbali kwenye barabara, maana kuwasalimu ilikuwa marufuku. Baba alianza kukohoa. Mnyororo ni mmoja, kwa hiyo alipokohoa yeye walitikisika wote, mstari mzima, kama uzi wa shanga uliovutwa. Kabla ya mvua kushika sawasawa, mtu mmoja wa mstari ule alifunguliwa akiwa maiti. Baada ya hapo mama hakucheka tena, na kila jioni alinituma barabarani nikahesabu, ingawa hakunitaka nimletee hesabu. Alitaka tu kujua kama mstari bado unatikisika.

Dada yangu mkubwa, Sechelela, alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Ndahani. Ng'ombe wa mahari walikwisha ingia zizini mwetu, na arusi ilimngoja baba. Ndahani alikuwa na miguu mirefu na shingo ndefu, na alikuwa mkwe wa mama yangu kwa kila kitu isipokuwa sherehe, kwa hiyo tangu ng'ombe waingie hawa wawili hawakutazamana. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima kwetu. Mama mkwe akija njiani, mkwe huacha njia. Sisi watoto, ambao hatuna huruma, tulikuwa tukijificha na kupiga kelele "Mama mkwe huyo!" ili tumwone Ndahani akiruka ndani ya miiba, na alikuwa akiruka kila mara, hata baada ya kututambua kwamba ni waongo. Nilimwuliza siku moja kwa nini anaruka na anajua tunamdanganya. "Itakuwaje siku ambayo hamdanganyi?" akasema, akiendelea kung'oa miiba mguuni. Palipokuwa na neno la lazima kati yake na mama, lilipitia kwa mtoto, na mtoto mwenyewe mara nyingi nilikuwa mimi.

Kisha ikaja sikukuu ya Kaizari. Bwana Mkubwa wa boma alipenda michezo. Inasemekana kwao alikuwa mpanda milima, na nadhani Chitunda kilimtia uchungu kila alipokitazama dirishani. Akida akatangaza kwamba bendera ndogo itasimikwa kileleni, na mtu atakayekuwa wa kwanza kuishusha mpaka uwanjani ataomba jambo moja, naye Bwana atalitoa kama limo katika uwezo wake. Vijana wote wakawa na jambo. Mmoja alitaka asipelekwe kwenye reli. Salimu, Mrangi wa Kolo aliyekuwa akipita kwetu na asali na tumbaku, alitaka punda wake aliyekamatwa na askari kwa kosa la kula maua ya boma. Huyo Salimu ndiye tuliyemwogopa, maana alizaliwa kwenye vilima na alitembea juu ya mawe kama mbuzimawe. Ndahani alikuja kwetu, akasimama nje, nyuma ya ukuta wa tembe, akaniambia kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta: "Mwambie mama nikishinda nitaomba mzee afunguliwe." Ndani, jiwe la kusagia likanyamaza. "Mwambie huyo mtu apumzishe miguu yake," mama akasema. Kisha jiwe likaanza tena, haraka kuliko mwanzo.

Asubuhi ya mashindano kulikuwa na manyunyu. Mama aliamka akachanganya unga wa mtama na maji ndani ya kibuyu, akanibebesha, tukapanda Chitunda kabla watu hawajakusanyika. Juu, chini kidogo ya kilele, palikuwa na mawe ya wazee wetu, na mke wa mtu aliye katika shida ndiye mwenye kwenda kuyanyunyizia na kusema haja yake. Alipanga tuwe tumeshuka mapema, kwa kuwa mbio zilitangazwa kuanza jua likiwa juu. Lakini huko uwanjani, kama tulivyosimuliwa baadaye, Bwana Mkubwa aliyatazama mawingu, akaitazama meza iliyoandaliwa kwa ajili ya wageni wake, akaamua kwamba mbio zianze sasa hivi. Wakimbiaji walikuwa bado wanatambiana. "Salimu, ukifika juu utusalimie punda!" mmoja alipaza sauti. "Atawajibu yeye mwenyewe," Salimu akasema, "nitarudi nimempanda." Wakati wakicheka, bunduki ikalia. Sisi tuliusikia mlio ule tukiwa katikati ya mteremko, na mama akasimama kama aliyepigwa yeye.

Mahali tulipokuwa palikuwa pabaya kuliko pote. Mkono mmoja ulikuwa mwamba uliosimama wima kama ukuta. Mkono wa pili ulikuwa ukingo mtupu, na chini yake mawe yalirundikana na nyufa nyeusi kati yake. Watu wawili hawakuweza kupishana hapo bila kugusana kifua na mgongo. Mama aligeuka arudi juu penye upana, lakini alikuwa mzito wa mguu mmoja, changarawe zilikuwa zimelowa, na kila hatua aliyopanda alirudi nusu yake. Tukazisikia pumzi kabla ya kumwona mtu. Ndahani akatokeza kwenye kona, peke yake, mbele ya wote, jasho na manyunyu vikimtiririka, na alipouona mgongo wa mama akasimama ghafla hata vijiwe vikaruka kutoka chini ya miguu yake. Mama alijibana mwambani, akajifunika kaniki mpaka kichwani.

"Mwambie huyo mtu apite," akasema.

Ndahani alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu na alikuwa amesikia kila neno, lakini nilifanya kazi yangu. "Anasema upite."

"Mwambie mama, nipite wapi? Nafasi haipo."

"Mwambie mimi ni jiwe. Jiwe halina mkwe."

Ndahani akacheka huku anahema. "Mwambie jiwe hilo limemzaa Sechelela."

"Mwambie baba yako atafia mnyororoni!" Mama sasa alikuwa akipiga mwamba kwa kiganja. "Mwambie apite, anikanyage, apite!"

Uso wa Ndahani ukabadilika. Akautazama mgongo wa mama, akayatazama mawe ya chini. Akaniambia, pole pole, kama mtu anayetaka ujumbe ufike bila kupungua: "Mwambie najua. Lakini mzee akitoka, akiniuliza nilipitaje hapa, nitamwambia nini?" Kisha akaiacha njia. Alishuka ukingoni kwa mikono, akaanza kuruka kutoka jiwe hadi jiwe ili atuzunguke na kutokea juu yetu. Siku za kiangazi hata sisi wachunga mbuzi tulifanya hivyo. Siku ile mawe yalikuwa yamelowa.

Salimu alifika mara moja. Aliona mwanamke, mtoto, njia. "Mbukwa, mama! Nipishe kidogo, mimi si mkwe wa mtu hapa," akasema, akapita kwa kujibana, bega lake likivuta kaniki ya mama, na akawa ameshapanda. Hakuwa na kosa. Alikuwa hajapotea kwenye kona ya juu tuliposikia jiwe likigeuka, sauti nzito, ya ndani, kama ng'ombe anayejilaza. Jiwe jingine likafuata. Halafu kutoka ndani ya mawe, si kwa nguvu, sauti ya Ndahani: "Mwambie mama sijamwona."

Mama alikuwa ameshasikia. Nikamwambia hata hivyo. "Anasema hajakuona." Sikujua la kufanya jingine.

Salimu aliposhuka na bendera alitukuta pale pale, mama amelala kifudifudi ukingoni akiita. Akainama, akaita naye, akatega sikio, akatimua mbio chini. Wanasema alipofika uwanjani alisema "Kuna mtu kwenye mawe" kabla hajasema lolote juu ya bendera, na kwamba Bwana aliipokea kwanza bendera. Siku ya sikukuu hapakuwa na watu wa kazi isipokuwa wafungwa, na wafungwa walikuwa ndio mafundi wa kuhamisha mawe. Wakaletwa. Kwenye njia ile hawakuweza kupanda wakiwa wameunganishwa, maana mmoja akiteleza angewanyonga wote, hivyo askari wakawafungua. Ndivyo nilivyomwona baba akija kwetu, shingo ikiwa tupu na yenye vidonda vibichi, anakohoa, bado hajaambiwa ni nani aliye chini. Alipoambiwa alichimbua kwa mikono. Walimtoa Ndahani alasiri akiwa maiti, mvua ikinyesha sawasawa. Hakuwa na jeraha kubwa la kuonekana. Kifua tu kilikuwa kimebanwa. Askari walipoanza kuwafunga tena wafungwa, baba alikuwa ameketi na kichwa cha Ndahani mapajani, na askari aliyeshika mnyororo alisimama akaungoja mkono wake mwenyewe, ikawa hausogei. Akida aliyekuja nao akateremka kwa Bwana kuuliza. Akarudi na jibu: "Bwana anasema mzee huyu akakohoe nyumbani kwake." Salimu alipewa punda wake. Miaka mingi baadaye, kila alipopita kutoka Kolo, alikuwa akituachia asali mlangoni bila kubisha hodi.

Basi baba alirudi, kama Ndahani alivyotaka. Kikohozi chake kilipona. Lakini akawa na tabia mpya: akikutana na mtu njiani, yeyote, mwanamke, mtoto mwenye mbuzi, aliacha njia na kusimama majanini mpaka mtu apite. Sechelela aliolewa baadaye na mtu mwingine, na mama hakukubali kujificha. Aliketi mbele ya mkwe yule wa pili, uso wazi, watu wakashika midomo kwa aibu. "Anione," alisema. "Huyu na anione vizuri." Watu wa Mkonze wakaanza kusema kwamba ukinyamaza pale penye mwamba utasikia pumzi za mtu anayepanda. Mimi nimesoma. Najua kwamba mawe yakipoa baada ya jua hutoa sauti, na nimewaeleza hivyo watu wengi kwa ufasaha. Kisha nimekwenda pale, nimesimama, nimesikia, na sauti ile haikuwa ya jiwe linalopoa. Ilikuwa ya mtu anayekaribia kona.

Siku hizi wakwe wamekuwa watu wa mezani. Mume wa binti yangu, kijana mpole, karani, hula akitazamana na mke wangu, humtania juu ya chumvi, na akichelewa kuja mke wangu hununa. Napenda hivyo. Juzi alinisindikiza Chitunda. Watoto wa shule sasa hushindana pale kila mwaka, mwalimu chini na saa mkononi, na mimi huombwa kutoa zawadi kwa sababu siwezi kukimbia. Tulipofika kwenye mwamba nikakaa, nikamsimulia yote, jambo ambalo sijamfanyia hata mwanangu wa kumzaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayeonyesha kosa dogo la hesabu: "Mimi ningepita, baba. Ningemwomba mama radhi tukishafika chini."

Nilitaka kumpinga. Nimefundishwa kujibu, ndiyo kazi iliyonipa miwani. Lakini alikuwa amesema kweli. Kila mmoja wetu angefurahi kama Ndahani angepita: mama aliyemsihi, baba aliyekuwa anakohoa, dada yangu, mimi niliyesimama katikati nikirudisha maneno. Hapakuwa na mtu hata mmoja kilimani siku ile aliyeitaka heshima ile. Alitupatia bila kuombwa, na hatujawahi kupata mahali pa kuirudisha.