Nafasi Upande wa Kushoto

Nakumbuka siku moja kuliko zote nilizokaa kwenye cherehani, mwanangu: siku niliyomwambia mteja wangu kwamba nguo anayoitaka ni hema, na wanawake wanane wakacheka. Yeye pia alicheka. Kicheko chake ndicho kinachonisumbua zaidi.

Ninakusimulia leo kwa sababu asubuhi hii nimekusikia ukimwambia yule mama mwenye kitenge cha kijani, "Mama, ile modeli haiko ya mwili yenu, mutafute ingine." Ulisema kwa sauti, duka zima likasikia. Alikuomba umwachie nafasi kifuani, ukamjibu hivyo, akakunja kitenge chake akaondoka. Mimi nilikuwa nyuma napiga pasi, nikiwaona. Nilipofika mlangoni pikipiki ilikuwa imeshamchukua, nikarudi kwenye pasi yangu bila kukuambia neno. Usidhani ni upole. Unanijua, mimi si mpole. Nilinyamaza kwa aibu, maana maneno yale niliwahi kuyasema mimi kabla wewe hujazaliwa. Basi weka mkasi chini, endelea na pindo hilo kwa mkono, unisikilize mpaka mwisho.

Kushona nilifundishwa na Papa Rashidi, mzee wa zile familia za Kiislamu za hapa Kisangani ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Duka lake lilikuwa karibu na soko kuu, na mimi nilikuwa fundi wake wa nguo za kike. Nilikuwa na sifa ya jicho. Mwanamke akiingia mlangoni, kabla hajaketi nimeshajua kifua chake, kiuno chake na nyonga zake, na sikukosea sana. Meta, ule utepe wa kupimia, niliuvaa shingoni kama pambo tu. Wasichana wengine walipima na kuandika, mimi nikawatazama kwa dharau. Nilikuwa na kichwa kikubwa, mwanangu, tuseme ukweli.

Ukutani tulikuwa na kalenda ya mitindo kama hiyo uliyoibandika wewe, ya wasichana wembamba waliopigwa picha sijui nchi gani. Wateja walikuja wakaweka kidole: nataka hii. Na waliokuwa wakiweka kidole ni wanawake wa mji huu. Mmoja ana mabega mapana kwa kupiga kasia na nyonga hana. Mwingine tumbo limebaki na umbo la watoto saba. Mwingine mgongo umekwenda upande kwa beseni la kichwani. Nguo za mitumba hazikuwafaa, maana zilikatwa kwa miili ya watu wengine, bega likikaa vizuri kiuno hakifungi. Ndiyo maana walikuja kwetu. Walitamani siku moja tu nguo iwakubali. Mimi badala ya kuwahurumia niliona miili yao inabishana na mkasi wangu, na nilipenda kushinda.

Sasa siku hiyo waliingia wanawake tisa wa familia moja, watu wa mtoni wenye asili ya Isangi, waliokuwa wakikaa mtaa wa Mangobo. Walikuwa wanaoza binti yao, Joslini. Unajua desturi yetu: akina mama wote wa upande wa bibi harusi huvaa kitenge kimoja, tena kwa modeli moja, ili wakiingia ukumbini kwa mstari watu waone familia. Aliyevaa tofauti huulizwa ana neno gani na wenzake. Walichagua kwenye kalenda libaya, yaani blauzi, ya kubana kabisa, yenye pensi mbili kifuani, ile mikunjo ya kushonwa ya kukaza nguo chini ya matiti.

Mama wa bibi harusi mwenyewe, Mama Joslini, alikuwa mwanamke mkubwa, muuza samaki wa kukaushwa. Alingoja wenzake wote wapite ndipo akanisogelea. Mkono wa kushoto alikuwa ameubana ubavuni kama mtu aliyekwapua kitu. Alikuwa amejipaka manukato mengi mno, na chini ya manukato kulikuwa na harufu nyingine. Nikasema moyoni, samaki hao.

"Mwana yangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "niko nakuomba, ya kwangu uache nafasi hapa mbele. Upande ya kushoto. Isinikamate."

Nilijibu kwa sauti ya duka zima. "Mama, mukitaka nafasi nitawashonea tente! Siku ya ndoa ya mutoto mutaingia na tente?"

Ndipo wakacheka, dada zake na wifi zake. Naye akacheka, akasema, "Bon, iko sawa," akarudi kuketi. Nilipoona hataki kupimwa nikafurahi, kwa kuwa sikuhitaji kumpima. Nilimtazama tu, nikaandika.

Siku moja kabla ya ndoa walirudi kujaribu. Hapakuwa na pazia wakati ule. Walivaa pale pale, mlango ukiwa umerudishwa, Papa Rashidi ametupa mgongo kwenye cherehani yake. Zile libaya nane zilikaa vizuri, wanawake wanajigeuza mbele ya kioo, mmoja anapiga vigelegele. Zamu ya Mama Joslini ilipofika, vifungo havikukutana. Nilivuta. Nikamwambia avute pumzi, nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, kifungo cha juu kikaingia. Alinishika kifundo cha mkono. Hakupiga kelele, ila macho yalijaa maji, na kwenye kitenge, upande wa kushoto, ukatokea unyevunyevu mdogo. Nikadhani ni jasho. Nikamgombeza, mwanangu. Nilimwambia asinichafulie kazi kabla haijapata sifa.

Papa Rashidi akasimamisha cherehani. Bila kugeuka alisema, "Zaina, umupatie ile anaomba."

"Papa, haitafanana na ya benzake."

"Nilisema umupatie."

Mimi nikanuna. Mama Joslini ndiye aliyemaliza yale maneno. "Muache, Papa. Niko muzima. Ni siku moja tu, nitavaa." Alivua polepole, akaikunja ile libaya kwa uangalifu mkubwa, akaiweka kwenye mfuko. Nilikuwa nimeshinda.

Siku ya ndoa nilikwenda, si kwa kualikwa sana bali kutazama kazi yangu. Akina mama waliingia kwa mstari wakicheza, mmoja nyuma ya mwingine, kitenge cha buluu kinameremeta. Nilihesabu wanane. Mama wa bibi harusi hakuwepo. Joslini alikuwa akigeuza shingo kila mara kutazama mlangoni, mpaka msimamizi wake wa harusi akamwambia atulie, picha zinapigwa. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikamkuta mama yake karibu na masufuria, amevaa gauni la zamani na shali juu, anachochea kuni kwa mkono wa kulia. Alinisalimia. Mimi nilikasirika, mwanangu. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ameniharibia mstari.

Watu waliongea, wakasema Mama Joslini hakumpenda mkwe, ndiyo maana amekataa kitenge cha ndoa. Joslini akayasadiki. Alikwenda kwa mumewe bila kumuaga mama yake vizuri, na kwa miezi kadhaa hawakutembeleana.

Halafu mchana mmoja wa mvua Joslini aliingia dukani, mfuko mkononi, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba. Alitoa ile libaya. Haikuwa imevaliwa hata mara moja. Alisema mama yake amefariki usiku uliopita, na kabla ya kufariki aliomba jambo moja: azikwe na kitenge cha ndoa ya mtoto wake. "Alors tulijaribu kumuvalisha," akasema, "haiingii."

Papa Rashidi alinitazama. Akachukua meta shingoni mwangu, akanikabidhi mkononi. "Wende umupime," akasema. "Na meta, si na macho."

Nilipanda toleka, baiskeli ya kukodi, hadi Mangobo, libaya ikiwa kifuani isilowe. Akina mama waliokuwa wakimwosha walinipisha. Nilikuwa sijawahi kupima maiti. Yule mwanamke mkubwa alikuwa ameisha. Mabega yalikuwa mifupa, kiuno kimekwenda, nyonga ambazo nilizikadiria kwa jicho hazikuwepo tena. Meta ilizunguka kila mahali ikabaki. Upande wa kushoto tu wa kifua, chini ya bandeji, titi lilikuwa limevimba, gumu, na bandeji ilikuwa imelowa. Harufu ile niliitambua. Haikuwa ya samaki.

Dada yake mkubwa alinieleza huku akikunja taulo. Uvimbe ulianza muda mrefu kabla ya ndoa. Hakumwambia mtu, hakwenda hospitali, alisema mtoto aolewe kwanza kwa furaha, maneno ya ugonjwa yatangoja. Joslini alijua tu kwamba mama yake aliugua baada ya ndoa. Walipoujua ulikuwa umeshapasuka, na mganga wa hospitali aliwaambia wamechelewa.

Nilifumua libaya pale pale uani, chini ya bati. Nilitoa pensi zote mbili, nikakata kipande kwenye mkono wa nguo, nikakiunga ubavuni. Nilimwachia nafasi upande wa kushoto. Ilinichukua muda mfupi sana, mwanangu, hata chai waliyonipa ilikuwa bado na moto. Kazi niliyomnyima akiwa hai ilikuwa kazi ndogo namna hiyo. Tulimvalisha, ikamkaa. Alionekana mama wa bibi harusi kabisa.

Nilipokuwa naondoka Joslini alinishika mkono, akaniita Ya, yaani dada. "Ya Zaina, weye ulimushonea. Alikuambia kitu? Juu ya nini alikataa kuvaa?"

Nikamjibu, "Apana. Hakuniambia kitu."

Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa. Lile la tente ni la ujinga, na lile la kuvuta kifungo ni la kiburi. Ila hili nililifanya nikijua. Nilimwacha mtoto wa watu aamini kwamba mama yake alimnunia siku ya ndoa yake, ili mimi nisionekane mbaya.

Papa Rashidi hakunipiga wala hakunifukuza. Alinikuta nimeketi bila kushona, akavuta kigoda. "Ule mama alikuja kwako mbele ya kwenda kwa munganga," aliniambia. "Bibi ya mutu anaweza kuficha bwana yake, anaweza kuficha dada. Fundi, hawezi kumuficha. Weye ulikuwa mutu wa kwanza kuombwa musaada, na ukamuambia ni tente." Kesho yake alininunulia pazia. Ni lile lile linaloning'inia pale pembeni, ambalo wewe hulivuti kwa kuwa unasema linapoteza wakati.

Papa Rashidi alifariki zamani. Joslini yupo. Amenenepa kama mama yake, anakaa kule kule Mangobo, na mwezi ujao anaoza binti yake wa kwanza. Kila mwaka huja kushona hapa, kwa sababu ndimi niliyemvalisha mama yake vizuri kwa mazishi. Huo ndio wema ananihesabia. Leo asubuhi alikuja na kitenge cha kijani, akakuomba umwachie nafasi kifuani, mkono wake wa kushoto ameubana.

Usilie. Kulia hakushoni kitu, mimi nililia sana na Mama Joslini hakufufuka. Huenda ni joto tu, huenda mkono umemuuma kwa kubeba. Lakini hatuwezi kungoja kujua kwa meta ya maiti mara ya pili.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Pazia livutwe kwa kila mteja, hata aliye na haraka. Pima kwa meta, na vipimo andika, usivitangaze. Kiuno cha mtu si habari ya mtaa. Kalenda hiyo iteremshe, au ibaki kwa ajili ya rangi tu. Mwenye tumbo, pandisha mkato juu chini ya kifua, nguo idondoke yenyewe. Asiye na nyonga, mpe marinda. Mwenye mabega, mwondolee mapambo ya begani. Hakuna mwili usio na nguo yake, kuna fundi aliyechoka kutafuta. Familia ikitaka modeli moja, kitenge kiwe kimoja na kila mtu akatiwe wake. Na mwanamke akikuomba nafasi, mpe kwanza, halafu muulize taratibu, ukiwa peke yako naye, kama kuna mahali panamuuma. Akikuambia ndiyo, acha cherehani, umshike mkono, mwende hospitali siku ile ile. Nguo itangoja.

Na ukikosea, sema. Mimi nimechelewa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa funga duka. Vaa viatu, chukua meta. Tunakwenda Mangobo mimi na wewe. Wewe utamwomba samahani, nami nitamvuta chumbani nimpime, nimuulize lile ambalo sikumuuliza mama yake. Kisha nitamwambia kile mama yake alichoniomba, na nilichomjibu. Akinifukuza, utamshonea wewe.

Mungu aulinde mkono wako, mwanangu, uwe mwepesi juu ya mwili wa mtu. Akupe masikio ya kumsikia anayesema kwa sauti ya chini. Na wote utakaowavalisha, uwavalishe wakiwa hai. Amina. Twende.